Data inapofika mpakani: Hesabu ya msafiri anayetoka Kawempe

Zaidi ya miaka kumi tangu Uganda, Kenya, Rwanda na Sudan Kusini zikubaliane kupunguza gharama za simu zinazovuka mipaka, msafiri anayeondoka Kampala kwa barabara bado hulazimika kuitafuta intaneti upya kila afikapo kwenye lango la forodha. Makubaliano yale yaliijali sauti. Data iliachwa nje.

Kawempe, mojawapo ya tarafa tano za jiji la Kampala, ni mahali ambapo jambo hili huonekana mapema. Barabara ya Bombo huikata tarafa hiyo ikielekea Luweero, Karuma na hatimaye Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Pale Bwaise na Kalerwe hupita barabara ya mchepuo ya kaskazini, yenye urefu wa kilomita 21, iliyofunguliwa mwaka 2009. Upande wa mashariki mchepuo huo humtoa msafiri Bweyogerere, kwenye njia ya Jinja, Malaba na Busia. Upande wa magharibi humfikisha Busega, kwenye njia ya Masaka na Mutukula. Lori au basi dogo likiondoka Kawempe alfajiri linaweza kuwa Kenya, Tanzania au ukingoni mwa Sudan Kusini kabla ya giza kuingia, foleni zikiruhusu.

Kabla ya safari kama hiyo, kwenye vibanda vya simu vya Bwaise huulizwa swali moja: bando lipi ni nafuu? Kwa mtu anayebaki Kampala swali hilo linatosha. Anayevuka mpaka ana swali jingine la kutanguliza, nalo ni barabara atakayoishika. Mtandao ulio mzuri kwenye njia ya Juba unaweza kuwa mzigo mtupu kwenye njia ya Mombasa.

Sauti ilivuka, data ikabaki

Afrika Mashariki iliwahi kuwa mbele ya dunia katika suala hili. Septemba 2006 kampuni ya Celtel, iliyoasisiwa na Mo Ibrahim, mfanyabiashara mzaliwa wa Sudan, iliiunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa jina la One Network. Mteja wa Kampala akiwa Nairobi au Dar es Salaam alipiga simu kwa bei ya wenyeji, akapokea bila kutozwa, na salio lilipokwisha alinunua vocha dukani hukohuko. Wakati huo raia wa Ulaya aliyevuka kutoka nchi moja kwenda nyingine alikuwa bado akipokea ankara za kutisha. Celtel baadaye ilibadilishwa jina kuwa Zain, na mwaka 2010 sehemu kubwa ya mitandao yake barani Afrika ikanunuliwa na Bharti Airtel ya India.

Serikali zilifuata baadaye. Mwaka 2014 wakuu wa nchi za Ushoroba wa Kaskazini, yaani Uganda, Kenya, Rwanda na Sudan Kusini, waliagiza kuundwa kwa Eneo la Mtandao Mmoja. Utekelezaji ulianza miezi ya mwisho ya mwaka huo, Kenya na Rwanda zikitangulia. Ushuru wa ziada uliokuwa ukitozwa simu zinazotoka nje ulifutwa kwa simu za ndani ya eneo hilo, kupokea simu ugenini kukawa bure, na bei ya kupiga ikawekewa kikomo cha senti 10 za dola ya Marekani kwa dakika. Tanzania na Burundi hazikuwamo katika kundi hilo la mwanzo.

Mafanikio hayo hayapaswi kubezwa. Mama aliye Kawempe na mwanawe aliye Kigali walinufaika mara moja. Lakini mwaka ule wa 2014 WhatsApp ilikuwa tayari imeenea mikononi mwa watu, na leo msafiri wa barabarani huitumia simu kwa kuzungumza kwa dakika chache tu. Muda uliobaki huitumia kutuma picha ya hati ya mzigo, kutazama ramani, kuthibitisha malipo na kusikiliza ujumbe wa sauti kutoka nyumbani. Serikali zenyewe zimemsukuma huko. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ambao ulimtaka dereva awe na programu maalumu kwenye simu yake yenye taarifa za vipimo vyake. Dereva alitakiwa kuwa na intaneti katika kila nchi aliyopita, ilhali hapakuwa na bei ya pamoja ya intaneti hiyo.

Kwa nini data iliachwa? Jibu liko zaidi katika hesabu za fedha kuliko katika ufundi. Kwa upande wa simu za sauti, sehemu ya gharama ilitokana na ushuru uliowekwa na serikali zenyewe, na kilichowekwa kwa amri huondolewa kwa amri. Data ni tofauti. Msafiri anapotumia laini ya nyumbani akiwa ugenini, huduma ambayo kampuni za simu huiita romingi, mtandao wa nyumbani huulipa mtandao mwenyeji bei ya jumla kwa kila megabaiti, na bei hiyo hutokana na mapatano ya kampuni kwa kampuni. Kuishusha kunahitaji mdhibiti mwenye meno kuvuka mipaka ya nchi yake, na Jumuiya haina mdhibiti wa namna hiyo.

Umoja wa Ulaya uliifuata njia hiyo hadi mwisho. Tangu Juni 15, 2017 raia wake hutumia bando la nyumbani katika nchi zote wanachama bila nyongeza, isipokuwa kwa matumizi yaliyopita kiasi. Hilo liliwezekana kwa sababu Brussels iliweka kikomo cha bei ya jumla ambayo kampuni hutozana zenyewe kwa zenyewe: yuro 7.70 kwa gigabaiti mwaka 2017, kikishuka hatua kwa hatua hadi yuro 1 mwaka 2027. Mteja hakuombewa huruma. Bei iliyofichika nyuma yake ndiyo iliyobanwa.

Mfano mdogo unaonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme mtandao fulani unamtoza msafiri asiye na bando senti 10 za dola kwa megabaiti moja, tarakimu ileile iliyowekwa kuwa kikomo cha dakika moja ya simu. Gigabaiti moja ina megabaiti 1,024. Kwa bei hiyo msafiri atakuwa amelipa zaidi ya dola 100 kwa kiasi cha data ambacho kijana aliyekaa kiti cha nyuma hukimaliza kwa kutazama video kwa saa moja au saa moja na nusu.

Ziko pia kodi. Uganda iliondoa tozo ya kila siku ya shilingi 200 kwa mitandao ya kijamii, iliyoanza Julai 2018, na mahali pake Julai 2021 ikaweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data yenyewe, ukiongezwa juu ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Anayenunua bando la safari akiwa bado Kawempe huwa amekwisha kuilipa serikali ya Kampala kabla hajauona mpaka.

Barabara tatu

Njia ya kaskazini ndiyo iliyo wazi zaidi kimaamuzi. MTN ina mitandao Uganda na Sudan Kusini, hivyo mwenye laini ya kampuni hiyo huvuka Elegu na kuukuta mtandao ndugu upande wa Nimule. Airtel haipo Sudan Kusini; washindani wa MTN huko ni Zain na Digitel. Kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita zipatazo 190 za lami iliyokamilika mwaka 2012, na kati ya miji mawimbi hupungua. Wafanyabiashara wanaopeleka mboga, mayai na bidhaa za dukani Juba wanahitaji zaidi uhakika wa kupatikana kuliko wingi wa data.

Mashariki na kusini hali hugeuka. MTN haina mtandao wa simu za mkononi Kenya wala Tanzania, ilhali Airtel ipo katika nchi zote mbili, na vilevile Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwenye laini ya Airtel anayeelekea Mombasa au Mwanza ana sababu ya kuuliza bando la ugenini la kampuni yake kabla ya kununua laini nyingine. Mwenye MTN atategemea mapatano ya kampuni yake na wengine. Kwa safari ya siku moja mpaka Kisumu na kurudi, bando la ugenini linaweza kumtosha. Kwa wiki mbili za harusi Mombasa, laini ya Kenya huwa nafuu karibu kila mara, maana mgeni hulipa kama mwenyeji.

Ndiyo maana simu zenye nafasi mbili za laini zimependwa mno katika ukanda huu. Watengenezaji kama Tecno waliwasoma wateja wao vizuri kuliko wapanga sera: walipoona mitandao haielewani, waliuza simu inayoishi ndani ya mitandao miwili kwa wakati mmoja. Laini za eSIM, zisizohitaji kadi, zimeanza kuuzwa pia, na zipo programu za kigeni zinazouza data za nchi nyingi kwa pamoja. Hizo hulipiwa kwa kadi ya benki na kwa dola, na simu nyingi za bei nafuu hazizikubali. Kwa mtalii anayeshuka Entebbe ni jibu zuri. Kwa abiria wa Kawempe bado ni jibu la mtu mwingine.

Kuna hasara moja ndogo ambayo huwapata wengi kabla hata ya kuvuka. Mawimbi hayajui mpaka. Karibu na Malaba, Busia au Mutukula simu inaweza kuushika mtandao wa nchi jirani ingali Uganda, na kama romingi ya data imeachwa wazi, salio huanza kuyeyuka kwenye foleni ya magari. Kuizima romingi ya data kabla ya kuufikia mji wa mpakani, na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu, ni kazi ya nusu dakika.

Data inayorudi nyumbani kwanza

Jambo ambalo wauzaji wa bando hulieleza kwa nadra ni njia ambayo data hiyo hupita. Mganda aliyeko Nairobi akitumia laini yake ya Kampala, kwa kawaida maombi yake hayaingii kwenye intaneti pale Nairobi. Mtandao mwenyeji huyabeba hadi kwenye mitambo ya kampuni yake Kampala, na kutoka hapo ndipo yanapokwenda duniani. Majibu hurudi kwa njia ileile. Mzunguko huo huongeza gharama, huchelewesha kidogo, na una matokeo ya kisiasa.

Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na miaka ikapita bila kufunguliwa. Kwa kuwa data ya romingi hutokea Kampala, Mganda aliyekaa mgahawani Kisumu na laini ya nyumbani huweza kukuta Facebook imefungwa mbele yake, huku Mkenya wa meza ya pili akiifungua bila shida. Mkenya huyo akivuka na laini yake hadi Bwaise, kwa kawaida ataifungua hata hapo. Laini huchukua sheria za nchi yake na kusafiri nazo.

Waganda wengi walijibu kufungwa huko kwa kutumia VPN, programu inayoificha njia ya data, na wengi wameiacha ikiwaka tangu siku hizo. Anayeshika njia ya Mutukula anapaswa kulifikiria hilo mara mbili. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN kwa shughuli halali kutoa taarifa zao kwa mamlaka hiyo kabla ya mwisho wa mwezi, ikikumbusha kwamba kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zinaharamisha kuitumia teknolojia hiyo kufikia maudhui yaliyokatazwa. Mtandao wa X nao ulifungwa Tanzania Mei 2025. Kilichokuwa mazoea ya kila siku Kampala huweza kuwa kosa kilomita 210 kusini mwake.

Zaidi ya hapo, kila moja ya barabara hizo tatu imewahi kuzimiwa taa kwa namna yake. Uganda ilizima intaneti yote kwa siku kadhaa Januari 2021. Sudan Kusini iliifunga mitandao ya kijamii kwa muda mfupi Januari 2025. Tanzania ilikata intaneti siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, na kuirudisha baada ya siku kadhaa. Hakuna bando linalomkinga msafiri na amri kama hizo. Ramani iliyohifadhiwa ndani ya simu, namba muhimu zilizoandikwa kwenye karatasi na noti za fedha ya nchi husika ndizo zinazofanya kazi siku hiyo.

Tukumbuke kwamba Uganda haina bahari. Intaneti inayoifikia Kawempe hutoka kwenye nyaya za baharini zinazotua Mombasa na Dar es Salaam, kisha hufuata nyaya za nchi kavu kupitia mipaka ileile ambako dereva husimamishwa. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Kampala ilihisi pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Kwa miundombinu, nchi hizi ni mtandao mmoja tayari. Zimegawanyika kwenye ankara.

Laini kwa jina la nani

Basi msafiri ameamua kununua laini ya nchi aendako. Hapo hukutana na vitambulisho. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Kuvuka, hata hivyo, ni jambo moja na kusajili laini ni jingine. Mwaka 2017 Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, iliagiza laini zote zihakikiwe kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania iliingiza alama za vidole, na siku ya mwisho ikawa Januari 20, 2020. Kenya ilifanya uhakiki wake mpya hadi Oktoba 15, 2022. Mifumo yote mitatu ilijengwa kwa kumfikiria raia wa ndani. Mgeni huingizwa kwa pasipoti, na asiye nayo huweza kujikuta ameruhusiwa kuingia nchini lakini hana njia ya wazi ya kupata namba ya simu.

Pengo hilo huwafaidi wachuuzi wenye laini zilizokwisha sajiliwa kwa majina ya watu wengine. Kishawishi ni kikubwa: basi linasubiri, duka rasmi liko mbali, na laini inawaka papo hapo. Ubaya wake hauonekani siku ya kwanza. Akaunti ya pesa iliyomo ndani ya laini hiyo ni ya mtu asiyejulikana. Shilingi zikitumwa humo, mwenye jina ndiye mwenye fedha, na ikifungwa hakuna wakala atakayemsikiliza mgeni asiye na kitambulisho kinacholingana. Ikitumika kwa uhalifu hapo awali, maelezo atayatoa aliyekutwa nayo.

Mzungumzaji wa Kiswahili kutoka Kawempe ana nafuu yake hapa, na ni haki aijue. Amezoea menyu za Kiingereza au Luganda. Akiweka laini ya Tanzania hupokelewa kwa Kiswahili tangu neno la kwanza, ingawa atajifunza kwamba wanachokiita bando huitwa pia kifurushi, na kwamba masharti yake huwa marefu kama mkataba wa nyumba. Asome hasa muda wa kuisha. Bando la saa 24 lililonunuliwa Mutukula saa nane mchana huisha saa nane mchana ya kesho, hata kama saa kumi kati ya hizo gari lilikuwa porini bila mawimbi.

Laini ya Uganda haipaswi kutolewa kwenye simu wakati wote huo. Namba za siri za kuthibitisha miamala ya benki na ya pesa za simu huja kwa ujumbe mfupi kwenye laini hiyo, na ujumbe huo hupokelewa hata data ya romingi ikiwa imezimwa. Aliyeitoa laini ya nyumbani ili kuokoa fedha hugundua kosa lake pale anapotakiwa kulipia gari lililoharibika Eldoret, fedha zikiwa kwenye akaunti ya Kampala asiyoweza kuifungua.

Na anaporudi Kawempe, laini ya ugenini hubaki kwenye droo. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa na mwishowe namba hupewa mtu mwingine. Mfanyabiashara aliyewapa wateja wa Juba au Mwanza namba hiyo, akajiunga WhatsApp kwayo, huweza kuona siku moja akaunti imehamia kwa mgeni pamoja na salamu, oda na madeni ya wateja wake. Wanaosafiri mara kwa mara huiunganisha WhatsApp na namba ya nyumbani tu, hutumia laini ya ugenini kwa data pekee, na kila baada ya wiki chache huiweka kwenye simu na kuiongezea salio kidogo ili isife.